Mshale Uliobaki Mkononi

Jumamosi, Makambako

Mikono imechoka, kwa upinde na kwa kusukuma kiti changu cha magurudumu. Mtoto kanyonya, kalala. Mimi bado nauwaza ule mshale mmoja.

Tumeshindwa kwa adabu. Timu yetu ni ya mwanamke na mwanamume, na muda wa kulenga ni mmoja kwa wote wawili. Mwenzangu, Baba Neema wa mguu mmoja, akasema, "Tangulia, mama."

Ana umri wa baba yangu. "Hapana baba, anza wewe."

Tukakaribishana mpaka muda ukaisha, mshale wangu wa mwisho ungali mkononi. Kesho tukishindwa tena, timu ya mkoa hatuingii.

Jioni nikamwambia, "Baba, shikamoo yako nitakupa asubuhi. Uwanjani naanza mimi."

Akacheka. "Mkali kama mama mkwe!"

Sikucheka. Naitaka ile timu.