Papa, nimefunga bashi ya mzinga wa nne

Papa wangu mpendwa,

Nakuandikia toka Butembo, hapa kwangu, meza nimeisogeza mbali na pale bati linapovuja. Miaka miwili imepita tangu uondoke na sijakuandikia hata mstari mmoja. Sikuwa na la kukuambia ambalo lisingenitia haya. Lakini mwezi uliopita nilifika Oicha, kwenye mizinga yako ya nyuki.

Acha nianzie Masereka, kwetu kwa zamani. Nilikuwa na miaka saba hivi. Mizinga yako ya magogo ilikuwa kwenye mteremko, nyuma ya shamba la viazi, na baridi ya kule unaijua. Siku moja uliacha jembe ukaniita.

"Kavira, angalia mulango yabo. Mvua iko karibu."

Nyuki walikuwa wanarudi kwa wingi, wanasukumana mlangoni, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anatoka. Mimi niliona mbingu nyeupe tu, nikafikiri unanitania. Kabla hatujafika jikoni mvua ilikuwa imetulowesha wote wawili, na Mama akatugombeza kama watoto wawili.

Wewe ndiye uliyenionyesha kwamba mzinga hulazwa ukiinamia mlango kidogo, ili maji yakiingia yatoke yenyewe. Uliwawekea nyuki maji ya kunywa kwenye sahani ya bati, ukapanga ndani yake mawe madogo na majani ya mtoni, kwa sababu nyuki hajui kuogelea na anahitaji pa kusimama. Mvua ikikatika tulipita kwenye viazi kutafuta wale waliochelewa. Tuliwakuta wameganda kwenye majani, mabawa yamewanata mgongoni. Ulimweka mmoja kwenye kiganja changu.

"Hapana funga mukono. Umupulizie tu, polepole. Anasikia baridi."

Nilimpulizia mpaka akaanza kutetemeka, akajipangusa, akaruka. Wa pili akanichoma. Ulitoa mwiba kwa ukucha, ukacheka sana, na mimi nikacheka machozi yakinitoka.

Mama alipofariki ulishuka Oicha kulima kakao, ukaanza tena na mizinga mitano. Mimi nilikuwa nimekwisha kuolewa huku Butembo. Kisha vita vikafika huko, watu wakaanza kuuawa mashambani, na wewe ukaja kwangu na mfuko mmoja wa nguo na ule wavu wako wa kufunika uso. Vyumba viwili, watoto watatu, na wewe. Asubuhi ulifagia kiwanja. Saa nne ulikifagia tena. Niliona mikono yako haijui iende wapi.

Halafu nyigu wakajenga chini ya bati la baraza. Ulihamisha kiti chako ukakaa karibu nao. Siku moja mvua ilipiga kwa upepo mpaka kiota kikalowa, ukaniita kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu Masereka.

"Kavira, kuya uone! Anakunywa maji ya nyumba yake, kisha anaitema inje!"

"Papa, niko na kazi."

"Dakika moja tu, mwanangu."

Nilikuwa ninafua. Nilitoa kichwa mlangoni, nikasema ndiyo, nimeona, nikarudi kwenye beseni. Sikuona kitu, Papa. Baadaye nilikusikia unamweleza Masika, mjukuu wako, jinsi nyigu anavyovuta tone kwa mdomo, anatembea mpaka ukingoni, analitema, anarudi kuchukua lingine, mpaka kiota kikauke. Mtoto alikusikiliza vizuri kuliko mimi.

Na Masika ndiye waliyemchoma, kwenye kope. Jicho lilivimba likafunga. Wewe ulikuwa kwenye misa. Sikungoja. Nilifunga kitambaa kwenye mti, nikakitia petroli, nikakichoma kiota chote. Uliporudi ulisimama ukaangalia lile doa jeusi kwenye bati.

"Nani alichoma?"

"Ni mwenye nyumba," nikasema. "Alipita hapa."

Mwenye nyumba hakuwa amepita. Ulichukua ufagio ukawazoa nyigu waliokufa, ukawatupa nyuma ya choo. 

Kesho yake ulisema unakwenda Oicha. Mvua kubwa zilikuwa zinakaribia, na majani uliyofunikia mizinga yalikuwa yamekwisha kuoza. Ulikuwa umepata bashi, turubai la plastiki la buluu, ukaikata vipande vitano.

"Unaenda mu vita juu ya nyuki?" nikakuuliza.

"Siku tatu tu. Pale kumetulia."

Ningeweza kukuzuia. Ningeweza kuficha viatu vyako, kulia, kumwita padri aje akuseme. Niliweka mkate kwenye mfuko wako. Sasa nitaandika jambo ambalo hata mume wangu sijamwambia: ulipopanda pikipiki nilipumua. Nilifikiri watoto watalala kwa nafasi siku tatu.

Siku ya nne Mama Kahindo, jirani yako wa Oicha, alinipigia simu. Wauaji walikuwa wamepita mashambani asubuhi. Walikukuta kwenye mizinga. Barabara ilifungwa, na majirani wakakuzika siku ileile. Huku tulifanya kilio bila mwili. Watu walikuja, waliimba, walikula, na mimi niliangalia mlango kama mtu anayengoja mgeni.

Mwezi uliopita walisema njia imetulia, basi nikaenda. Mama Kahindo amezeeka. Alinipokea kwa kunishika mashavu, kisha akanipeleka shambani, kakao imefunikwa na magugu. Tulipokuwa tunatembea alisema:

"Ile siku ya kufika, baba yako alikula kwangu. Alituchekesha. Alisema, 'Kavira alichoma nyigu zangu, kisha akanidanganya. Tangu mutoto, hajue kudanganya, anaangaliaka chini.'"

Nilisimama. Nilimuuliza kama ulikuwa umekasirika.

"Kukasirika? Alisema, 'Kama ni mutoto wangu walichoma ku jicho, miye pia ningechoma.'"

Nilikaa chini kwenye magugu, Papa. Mama Kahindo alikaa pembeni yangu akangoja.

Mizinga mitatu ulikuwa umeifunika, bashi imekazwa kwa kamba pande zote, na nyuki wamo, wengi. Wa tano ulibaki wazi. Maji yaliingia kwenye ufa wa juu, ndani ni ukungu mweupe na masega yaliyoanguka, nyuki walikwisha kuhama. Wa nne bashi ilikuwa juu yake, kamba imefungwa upande mmoja. Upande wa pili inaning'inia. Mama Kahindo alisema hakuna aliyethubutu kuigusa.

Mawingu yalikuwa yanashuka, na nyuki wakaanza kurudi. Mama Kahindo alinivuta mkono twende. Nilimwomba anisubiri kwenye kibanda. Niliivuta ile bashi, nikaizungusha kamba chini ya gogo, nikafunga fundo kama ninavyofunga mizigo ya soko, maana fundo lako silijui. Walinichoma mara nne mkononi na moja shingoni. Sikupuliza moshi, sikuvaa wavu, na sikukimbia. Mvua ilinikuta bado ninakaza, na wa mwisho wakapita karibu na vidole vyangu wakaingia.

Kisha nikaenda ulipolala. Kaburi ni moja, Papa, na mko watu wanne. Hilo hawakuniambia kwenye simu. Nilimuuliza Mama Kahindo wewe uko upande gani. Alifikiri sana, akatikisa kichwa.

"Mwanangu, tulikuwa tunazika kwa mbio. Sikumbuke."

Basi nilianzia upande wa barabara nikaenda polepole mpaka upande wa kakao, na kila hatua nilisema Papa. Nilipofika mwisho nilirudi nikasema tena, nisije nikakupita.

Pumzika, Papa. Msalimie Mama.

Ni mimi, binti yako,
Kavira