Shahidi wa Kona ya Saba

Kwako mpwa wangu,

Anayekuandikia ni mjomba wako, mtu ambaye bila mkono wake mbio za magari katika nchi hii zingekuwa zimekufa zamani. Hilo unalijua tangu utoto. Nimeziba pancha za mabingwa watatu, na mmoja wao aliniambia kwamba tairi lile lilikuwa ndicho kitu pekee kwenye gari lake kilichofika mwisho bila kulalamika.

Baada ya kusema hayo nakusalimu, wewe na wenzako wote wa chumba cha habari. Huku tuko salama. Mguu wa mama yako umepungua uvimbe na sasa anagombana na majirani akiwa amesimama. Mimi ni mgongo tu, nikiinama sana. Sijui wewe unakula nini huko, maana sauti yako kwenye simu ilikuwa ya mtu anayeishi kwa chai.

Umeniomba mambo mawili: nikueleze maombolezo ya Jumamosi yalivyokwenda, na nithibitishe ile habari yako kabla mhariri hajaipeleka mtamboni. Ningekupigia, lakini najijua. Kwenye simu ningeanza kusimulia, wewe ungeanza kucheka, na penye jambo tusingefika. Ndiyo maana nimempa barua hii dereva wa gari la magazeti, aiweke mkononi mwako, si mezani.

Nianze na marehemu. Walimwita Bila Breki kwa sababu ya mdomo wake. Miaka ishirini na sita, kila Jumatatu, watu wa karakana walikuwa hawashiki spana mpaka mmoja amesoma safu yake ya gazetini kwa sauti. Wakubwa wa mashindano aliwaita wauza vumbi. Bingwa mmoja alimwandika kwamba anaendesha kama mtu anayetafuta pa kuegesha. Na kila wiki alimtaja mtu asiye na jina, "rafiki yangu wa Kona ya Saba", aliyekuwa akiona kila kinachofichwa. Nchi nzima haikumjua rafiki huyo. Mtaani kwetu tu ndiko walikomjua, kwa kuwa niliwaambia ni mimi.

Amekufa kwa ugonjwa wa figo, kitandani, kimyakimya. Mashabiki wengi hilo ndilo lililowauma zaidi.

Jumamosi asubuhi tulikutana uwanjani, pale pale Kona ya Saba, kama watu mia mbili. Ukutani walibandika safu zake za zamani, nyingine zimeshakuwa rangi ya chai. Fundi mmoja wa rangi alileta usukani na kuulaza kwenye nyasi, akasema hana maua. Tulikubaliana kukaa kimya dakika moja. Hatukufika nusu. Mtu wa nyuma akauliza kwa sauti, jamani, yeye mwenyewe lini alikaa kimya dakika nzima? Watu wakacheka, wakaenda kwenye magari yao, wakapiga honi dakika moja kamili kwa saa. Wengine walikuwa wanalia huku wamekandamiza honi kwa kiwiko.

Kisha mchomeleaji aliyekuwa akiongoza shughuli akaomba rafiki wa Kona ya Saba, kama yuko hai, ajitokeze aseme neno. Nikakohoa, nikaweka shati vizuri, nikatoka mbele.

Kulia kwangu akatoka kinyozi wa karibu na stesheni. Kushoto akatoka mwalimu mmoja mstaafu. Nyuma yetu, akijipangusa mikono, dereva wa gari la wagonjwa.

Mpwa wangu, tulikuwa wanne. Tukatazamana kama watu waliokutana kwenye mlango mmoja wa choo. Kinyozi akaniuliza kwa dharau nilikuwa nikikaa upande gani wa kona. Nikamjibu, upande wa wenye macho. Mwalimu akasema ushahidi wake uko nyumbani, wameandikiana kwa miaka. Sauti ikatoka kwenye umati kwamba mzee, hata mimi nyumbani nina ndege ya abiria. Dereva akataka tupimwe kwa maswali. Pembeni alikuwepo bwana mmoja wa tai, mmoja wa wale wauza vumbi, ameweka mikono mfukoni. Yeye hakucheka. Alisema taratibu, lakini sote tulisikia, kwamba kama shahidi ndio hawa, basi hata ushahidi wa gari la bluu ulitungwa.

Unakumbuka ya gari la bluu. Lilipinduka kwenye kona hiyo, wakubwa wakasema dereva alikuwa mzembe, wakamfungia. Bila Breki peke yake ndiye aliyeandika kwamba barabarani kulikuwa na mafuta, na kwamba rafiki yake aliyaona. Kwa hilo walimfukuza uwanjani msimu mzima, mpaka mafuta yakathibitika na dereva akarudishiwa leseni.

Hapo ndipo mjane wa marehemu alipokuja mbele. Mama mfupi, miwani mikubwa, mfuko wa sokoni begani. Alituambia sisi wanne tukae, tumechoka. Halafu akaeleza kwamba kutoka chumba cha waandishi Kona ya Saba haionekani, stoo ya mafuta imeiziba. Kwa hiyo tangu mwaka wa kwanza mumewe alikaa kule juu, naye alikaa hapa kwenye nyasi na darubini na daftari. Hakutajwa jina kwa sababu hakutaka. Alisema wakubwa wangejua ni mke wangesema ni maneno ya chumbani.

Akatoa daftari la shule lililochanika jalada, akasoma ukurasa wa siku ile. Mzunguko wa tisa, mafuta upande wa ndani. Mzunguko wa kumi, mwenye bendera kaambiwa, kacheka. Mzunguko wa kumi na moja, bado. Mzunguko wa kumi na mbili, bluu imepinduka. Kile kimya tulichoshindwa kukikaa mwanzoni tulikikaa hapo. Bwana wa tai akaenda zake bila kuaga.

Sasa habari yako. Ifute yote. Rafiki wa Kona ya Saba si mimi, na ukiniandika mimi, yule bwana ataninyanyua kwa ukosi mbele ya watu, na marehemu ataonekana mwongo kaburini kwa ajili yangu. Mwandike huyo mama. Nimemwomba, amekubali; uende Ijumaa, anakaa nyumba ya tatu nyuma ya kiwanda cha magodoro, geti la kijani. Na picha uliyonipiga nikiwa nimeshika lile shati langu la njano, ambalo nilikuambia nililivua nikampungia dereva asimame, nayo iondoe.

Watu walipoanza kutawanyika yule mama aliniita. Alisema sura yangu anaikumbuka, siku ile nilikuwepo. Nikafurahi, nikageuka kumtafuta kinyozi asikie. Mama akafungua ukurasa uleule, akaniwekea kidole chini kabisa, pale ambapo hakusoma mbele ya watu, kisha akalifunga daftari polepole. Ilikuwa mistari miwili: "Mwanamume mnene, shati la njano, amelala juu ya matairi tangu mzunguko wa pili. Ameamka watu wanaondoka, ameuliza nani kashinda."

Ulipokuwa mdogo uliniuliza kishindo cha gari la bluu kilikuwaje. Nikakuambia kilikuwa kama mabati elfu yanaanguka kwa mpigo, na umekiandika hivyohivyo. Mpwa wangu, sikukisikia.

Mama yako anakusalimu sana, anauliza kama lile blanketi limefika. Wasalimie wote wanaokujali huko, na kula.

Ni mimi mjomba wako,
wa shati la njano.