Saba Waliokula Unga wa Mbao

Mafinga, Jumanne, Julai

Saba wamekufa, na sikatai kwamba kosa ni langu. Bandani nilitandaza unga laini wa mbao kutoka kiwandani badala ya maranda, kwa kuwa ulionekana safi zaidi. Vifaranga waliudonoa wakidhani ni chakula, vifuko vyao vya shingoni vikajaa na kuwa vigumu kama kokoto.

Mjomba alisimama mlangoni akicheka. "Bwana msomi, chuoni hawakukuambia kwamba kuku hana meno? Rudi Dar ukatafute ofisi."

"Hata ofisini watu hukosea, mjomba. Tofauti ni kwamba huko kosa hufichwa kwenye faili."

"Mdomo huo!" Mama alinikatiza. "Leta magunia, wanaganda hawa."

Tuliondoa unga wote, tukatandika magunia, tukasogeza chungu cha mkaa karibu. Thelathini na wanne waliobaki wamekula vizuri jioni hii. Naihofia baridi ya alfajiri. Nahofia pia kwamba huenda mjomba…

La. Siondoki. Akitaka kunicheka tena, itambidi ainame aingie bandani, maana ndiko atakakonikuta.