Mshipa Uliovimba na Waliojua

Jumanne, 5 Machi 2024
Kumbe kifua kinachonibana nikipanda mpunga si gesi. Daktari wa moyo kanipima kwa ultrasaundi. Mshipa unaolisha moyo umevimba kama puto, damu inaweza kuganda humo. Na nina miaka ishirini na sita! Akauliza kama utotoni niliugua homa ya siku nyingi, macho mekundu, ngozi ya vidole kubanduka. Sikumbuki. Nitamuuliza mama.

Jumatano, 6 Machi
Nimempigia mama, yuko Lumemo. Shikamoo, marahaba, kisha swali. "Hukuwahi kuugua hivyo, Leticia."
Mume wangu Lukelo kasema nisimsumbue mama wa watu, ninywe dawa tu. Aspirini, na nyingine ya kuzuia damu isigande. Vidonge ananihesabia mwenyewe. Nimepata mume.

Jumamosi, 9 Machi
Mama mdogo Verediana kaja kuniona. Hakujua kama ni siri. "Si ule ugonjwa ulioupata tulipokuwa Uchindile? Ulikuwa na miaka minne. Ulimi mwekundu kama pilipili, vidole vikabanduka ngozi." Daktari wa wakati ule aliagiza nipimwe moyo kila mwaka. Nilipelekwa mara moja. Basi.

Jumapili, 10 Machi
Lumemo. Mama alikuwa anapepeta mchele, hakuacha.
"Ulikuwa unakimbia na wenzako, mzima kabisa. Nikupeleke tena, watu waseme mwanangu ana ugonjwa wa moyo? Nani angekuoa?"
Nikamwambia Lukelo kanioa bila kujua, tumemdanganya.
Ungo ukatulia. "Lukelo anajua. Nilimwambia alipokuja kuposa."
Miaka mitatu ya ndoa. Ndiyo maana kila nikitaja mtoto anasema tusubiri. Na mimi nilivyokuwa naringa kwa wenzangu — wangu hana haraka, ananionea huruma!
Nimemuuliza Lukelo. Anasema mama alimwapisha. Anasema aliogopa nisije nikaishi kwa hofu. Vidonge nimehesabu mwenyewe.

Jumatano, 13 Machi
Rufaa ya Dar imetoka. Huenda wakanipasua, wachukue mshipa wa mguuni waupandikize upitishe damu pembeni ya ule uliovimba. Muuguzi anajaza fomu: ndugu wa kunisindikiza, atakayepewa taarifa zangu na kuamua nikiwa sijitambui.
Mama kasimama. Lukelo naye kasimama. "Mimi," wamesema pamoja.
Nimemwomba muuguzi asiandike kwanza. Naandika hapa kwenye benchi. Wao bado wamesimama, na muuguzi ananitazama, kalamu mkononi —