Mapengo Kumi na Moja

Jumatatu, 4 Machi
Nimerithishwa ramani ya zahanati. Aliyeichora ni kaka wa mke wa bosi — ofisi nzima tunamwita Shemeji, kana kwamba sote tumemwoa dada yake. Kazi yangu ni kujaza mistari ndani ya kuta, fundi aone pa kupanga tofali. Nabonyeza, kompyuta inagoma: mpaka haujafungwa. Nakuza picha. Pembe za ukuta zimekaribiana, hazijagusana, kama wanandoa waliogombana. Na pale. Na pale tena. Huyu alichora akikimbia mvua.

Jumanne, 5 Machi
Mapengo kumi na moja! Nimeyazungushia kalamu nyekundu kwenye karatasi, nikampelekea bosi. Nikaomba siku mbili niyapitie moja moja, maana mengine ni milango. Hakuinua uso. Kaandika pembeni mwa karatasi, akanirudishia: "Mwachie Shemeji, amalize leo." Mkataba wangu unaisha mwisho wa mwezi, basi nikafyata mkia.

Shemeji hakuziba hata moja. Kaiamuru kompyuta ihesabu kila pengo lisilofika mita moja kuwa ukuta. Dakika mbili, kuta zimejaa, safi kama sare ya siku ya kwanza shuleni. Nikamwuliza, na milango ya vyoo? Ni sentimita themanini. Akasema nina gubu. Kisha penye jina la mchoraji akaandika langu, eti ananipa heshima.

Alhamisi, 7 Machi
Bosi kamsifu Shemeji mbele ya watu. Haraka haraka haina baraka — nimeisema moyoni tu. Mwoga mimi.

Jumatano, 20 Machi
Fundi mwashi kapiga simu. Kauliza kwa adabu kabisa: wagonjwa wataingia chooni kwa ngazi au kwa maombi? Vyoo vitatu, ukuta pande zote nne, tofali zimefika kifuani. Yeye kajenga kilichochorwa.

Bosi kauliza nani kachora. Shemeji anaikagua dari. Bosi kasoma jina langu kwenye ramani, kanipa dakika tano niende ofisini kwake na maelezo.

Ile karatasi ya kalamu nyekundu nimeipata chini ya chupa ya chai. Maelezo yote yamo, na mwandiko hatauliza ni wa nani. Nikiitoa, namvua nguo mtu aliyeshika mkataba wangu. Nisipoitoa, vile vyoo ni vyangu maisha.

Anaita tena. Nimeikunja mara nne, iko kiganjani. Mlango wake uko wazi. Angalau yeye anao.