Salamu zangu kwenye redio ya vijana

Shoga, uko? Usicheke mpaka nimalize.

Nimepiga simu ile redio ya vijana ya serikali. Mimi, na meno yangu haya matatu. Nilitaka kumtumia mjukuu wangu salamu na wimbo, maana tangu ahamie kwangu mazungumzo yetu hayajavuka "shikamoo" na "chakula kiko wapi".

Mtangazaji, kijana wa sauti nzito, akapokea papo hapo. "Bibi, punguza redio yako, inarudisha mwangwi." Nikaizima kabisa.

"Mjukuu anapenda wimbo gani?"

Shoga, sikujua hata mmoja. Na niko hewani, nchi nzima inasikiliza. Akaniokoa: "Basi tutamchagulia. Leo wewe ndiye wa kwanza kupiga." Kipindi kilianza saa nane, na hiyo ni saa kumi.

Wa kwanza. Redio ya vijana, aliyepiga ni mimi.

Nikaenda chumbani kwa huyo mjukuu wangu. Yuko kitandani, vidude masikioni, anatikisa kichwa kwa nyimbo za simu yake. Nikamuuliza, umesikia? Akatoa kimoja. "Redio ile, bibi? Hawapigi nyimbo zetu, wanatuhubiria tu." Akakirudisha.

Nimewasha redio tena. Yule kijana anasema, "Bibi, kama bado unatusikiliza, kesho piga tena." Amesema mara mbili.

Nitapiga. Ila kwanza nangoja huyu wa chumbani atoe vidude, nimuulize anapenda wimbo gani. Nimekaa hapa mlangoni kwake, bado nangoja.