Kodi Uliyonishukuria Mbele za Watu

Nyuma ya Soko,
Tarime Mjini,
Mara.

16 Agosti, 2025

Mpendwa mpwa wangu Ikram,

Assalaam alaikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima pamoja na mumeo Ashrafu, na kile kifua kilichokusumbua mwezi uliopita kimepona. Shikamoo yako nimeipokea hata kabla hujaitoa: marahaba, mwanangu. Sisi huku hatujambo. Mahindi yameshavunwa, na mguu wangu wa kukanyagia cherehani unauma kama kawaida yake. Mke wangu, shangazi yako Mwanne, ni mzima. Mjukuu wetu Kauthar ameanza kujigeuza mwenyewe kitandani, na mama yake hana tena raha ya kumwacha peke yake.

Najua utashangaa kupokea karatasi wakati simu ipo. Barua hii nampa Nchagwa, jirani yangu wa duka, anayekuja Kariakoo kufuata mzigo. Kwenye simu wewe una heshima mno. Ningeanza tu kusema, ungenikatiza, "Basi mjomba, yaishe," na mimi ningefurahi yaishe. Safari hii soma mpaka mwisho.

Wiki iliyopita uliniomba nimpigie mwenye nyumba wako huko Tabata, kwa kuwa anataka kukuongezea elfu thelathini kwa mwezi kuanzia Septemba. Ulisema maneno yangu yana uzito kwa sababu mimi ni mtu wa haki. Nimempigia. Nitakueleza alichonijibu, lakini kwanza lazima ujue ulimtuma nani.

Unakumbuka ule ujumbe mrefu ulionitumia Januari. Mwenye nyumba wako wa zamani alikuwa amekupandishia chumba na sebule kutoka laki na nusu hadi laki mbili na ishirini, tena akitaka miezi sita kwa mkupuo. Ulizunguka Kimara, ukaenda Gongo la Mboto, ukashuka mpaka Mbagala. Kila dalali alitaka elfu kumi ya kukuonyesha mlango tu, na ukikubali nyumba, kodi ya mwezi mzima iwe yake. Chumba kimoja kisicho na dirisha, choo cha kuchangia watu kumi na mmoja, ukaambiwa laki moja. Uliandika kwamba mshahara wako wa duka la dawa umesimama palepale na nyumba zinakukimbia.

Nilikasirika. Niliusoma ujumbe wako kwa sauti, nikawaambia wateja kwamba huyo mwenye nyumba hana hofu ya Mungu. Wote wakakubaliana nami. Walipoondoka niliusoma mara ya pili, na hapo, Ikram, sikuwa nakusoma wewe tena. Nilikuwa nasoma bei. Laki mbili na ishirini! Nami ule upande wa nyumba yangu ninaoupangisha, chumba na sebule, umeme wake na bomba lake uani, nilikuwa napokea elfu sitini. Nikajiona nimelala usingizi wakati wenzangu wameamka.

Ndani ya nyumba hiyo alikuwepo Mwalimu Laurensia. Hujawahi kumwona. Ni mtu wa Sumbawanga, serikali ilimleta kufundisha hapa mjini, na alikaa kwangu miaka minne na binti zake wawili wadogo. Hakuchelewesha kodi hata mwezi mmoja. Dari lilipovuja alilipa fundi kwa fedha yake, akaniambia baadaye kama habari tu. Shangazi yako alikuwa akila naye, na herufi anazosoma Mwanne leo alifundishwa na mwalimu huyo, jioni, barazani kwetu.

Mwishoni mwa Februari akaja Machage, wakala wa forodha kule Sirari. Kijana mwenye haraka, Kiswahili chake nusu cha ng'ambo ya mpaka. Alisimama uani, akatazama, akasema, "Mzee, mimi sina stori mingi. Nyumba nimependa. Laki na ishirini, miezi sita, nakupea leo."

Nilimfuata mwalimu jioni ileile. Nikamwambia kodi imepanda, ni laki na ishirini, na inalipwa miezi sita.

"Mzee Saadi, si ungenipa mpaka likizo? Ni mwezi mmoja tu, nitafute kwingine kwa utulivu."

"Mtu ana fedha mkononi, Mwalimu."

"Na mimi nina watoto mkononi."

Nikamjibu kwamba bei zimepanda kila mahali. Nikamtolea mfano wa Dar es Salaam. Mpwa wangu, nilimtolea mfano wako. Nilimwambia, "Mpwa wangu anadaiwa laki mbili na ishirini, wewe unalalamikia laki na ishirini?" Nimelitafuta neno la kulipunguzia ukali tendo hilo tangu siku hiyo, sijalipata.

Aliondoka baada ya siku tatu, Ramadhani ndiyo inaanza. Mimi nimefunga, yeye anapakia magodoro kwenye guta. Vyumba aliviacha vimepigwa deki, akampa Mwanne funguo mkononi. Kwangu hakupita.

Sasa sikiliza. Katika fedha za Machage, laki tano nilikutumia wewe. Ndizo ulizotangulizia hapo unapolala. Zilizobaki nilinunulia vitambaa vya sare za shule. Ulipoulizwa na ndugu nimezipata wapi, wewe uliwaambia mjomba amejinyima. Sikujinyima kitu. Nilimtoa mwanamke nyumbani kwake ili mwanamke mwingine asitolewe kwake, na sifa nikachukua mimi.

Ningeweza kukaa na siri hii, lakini ikaja akika ya kuzaliwa kwa Kauthar mwezi wa tano. Ukoo wote ulikuwa uani, mpaka ndugu zetu wa Mugumu. Wewe hukuweza kusafiri, ukatuma salamu za sauti. Binti yangu akaziweka kwenye spika ili wote wasikie. Ulisema, "Mjomba Saadi alinitoa barabarani. Mungu amjengee nyumba peponi." Watu wakaitikia amina. Wengine walinigeukia wakitabasamu.

Mwanne alikuwa amemwalika Mwalimu Laurensia bila kuniambia. Alikuwa amekaa kwenye mkeka wa wanawake, karibu na masufuria, binti mdogo amemlalia mapajani. Anajua tarehe aliyotoka kwangu, na wewe kwenye salamu zako ulitaja ni mwezi gani nilikutumia. Nilimwona anahesabu. Kisha naye akainua mikono, akaitikia, "Amina."

Ikram, nina miaka sitini na mitatu. Nimewahi kufumaniwa na makosa, nimewahi kutukanwa hadharani sokoni. Sijawahi kutamani kuondoka nje ya mwili wangu kama saa ile.

Nilimfuata hadi njiani alipokuwa akienda zake. Nikasema, "Mwalimu, nisamehe."

Akasema, "Huyo binti amepata pa kulala, nimefurahi. Usimwambie. Ataanza kukiona kitanda chake vibaya."

Hakusema amenisamehe. Alimbeba mtoto mgongoni, akaendelea kupanda kilima, maana sasa anakaa mbali, kwenye nyumba isiyo na maji, na asubuhi hutembea karibu saa nzima kwenda shuleni na wanawe.

Nilitii neno lake miezi mitatu kwa kuwa lilinifaa. Tangu siku ile Mwanne hunipikia, hunifulia, hunijibu nikimuuliza, na zaidi ya hapo haongei nami. Mwanzoni mwa mwezi huu Machage alikuja kulipa miezi mingine sita. Nikamwambia nyumba naihitaji. Alishangaa, akaongeza elfu ishirini. Nilikataa, na nakuambia ukweli, mkono uliniwasha. Nilimpa mwezi mzima wa kutafuta, ule ambao mwalimu aliuomba kwangu.

Kisha nikapanda kile kilima. Nilimkuta Mwalimu Laurensia anachambua mchicha mlangoni. Aliniletea kiti. Nikamwambia vyumba vitakuwa wazi, arudi kwa elfu sitini, alipe mwezi kwa mwezi, na nitaandika karatasi mbele ya mwenyekiti wa mtaa.

"Asante, Mzee," akasema. "Sitarudi."

"Kwa nini, Mwalimu? Hapa hata maji huna."

"Maji nanunua. Kule kwako kila nikisikia viatu vyako mlangoni ningekuwa nawaza leo kuna mtu gani mwingine ana fedha mkononi."

Nilimaliza maji aliyonipa, nikaaga. Vyumba nimemwahidi muuguzi mmoja, Naomi, aliyehamishiwa hapa hivi karibuni, kwa elfu sitini zilezile, na karatasi tumeandika. Usinisifu kwa hilo. Aliyestahili karatasi hiyo yuko kilimani.

Sasa nikuambie kuhusu simu yako. Nilimpigia mwenye nyumba wako juzi, saa nne asubuhi. Nilijitambulisha, nikamwomba akuache kwa bei ya sasa angalau mpaka mwaka uishe. Nilimwambia wewe ni mlipaji mzuri na humchafulii nyumba. Alinisikiliza vizuri. Ana sauti ya mtu mzima, wala si mkorofi.

Akaniuliza, "Na wewe mzee, huko una nyumba ya kupangisha?"

Ningeweza kusema sina.

"Ninayo."

"Mpangaji wako ulimpandishia?"

"Nilimpandishia."

"Kiasi gani?"

"Mara mbili. Akashindwa, akahama."

Akacheka, bila ubaya, kama mtu aliyekutana na wa kwao ugenini. Akasema, "Sasa mimi naongeza elfu thelathini tu, mzee mwenzangu. Tunaelewana mimi na wewe." Nikamweleza kwamba nimejuta, kwamba ndiyo maana namwomba. Akasema amenielewa sana, akanitakia kazi njema, akakata.

Kwa hiyo Septemba utalipa elfu thelathini zaidi. Nimeshindwa kukutetea, mwanangu. Nilikuwa na la kusema, ila mimi sikuwa mtu wa kulisema. Hizo elfu thelathini nitakuwa nakutumia kila mwezi kutoka kwenye kushona, na kila nitakapotuma nitakuambia ni suruali ya nani niliishona, ili ujue zimetoka wapi. Ukizikataa, nitaelewa.

Mwanne ameisoma barua hii yote kabla sijaifunga, taratibu, kidole kikifuata mistari. Amesema nisikate kitu. Kisha akaniuliza chai nataka na sukari kiasi gani, jambo ambalo amekuwa akilijua kwa miaka thelathini na nane, nami nikamjibu kwa furaha.

Nisalimie mume wako Ashrafu, na mama yako, dada yangu, ukienda kumwona Chanika. Yeye mwambie mwenyewe au msomee, usimfiche. Shangazi yako anakusalimu, binamu zako wote wanakusalimu, na Nchagwa atakupa kifurushi cha dagaa na ulezi. Mwenyezi Mungu akupe pa kukaa pasipo na chozi la mtu ndani yake, na kwa hapo ulipo sasa, chozi lililomo aniandikie mimi peke yangu.

Wako akupendaye, hata kama utachelewa kunijibu,

Mjomba wako,
Saadi Ramadhan